Usambaaji na uhamaji wa maada: namna ya kupiga hesabu ya kitu kukauka, kuyeyuka au kufika

Fukiza udi sebuleni, kisha kaa upande wa pili, mita 4 kutoka kwenye chetezo. Dakika mbili hazipiti, harufu imeshakufikia. Shuleni wengi tuliambiwa kwamba hiyo ndiyo difyusheni, yaani usambaaji: molekyuli hutoka penye wingi kwenda penye uchache. Kuhusu mwelekeo, mwalimu alisema kweli. Kasoro ni mwendo. Tukipiga hesabu, na tutaipiga punde, usambaaji peke yake ungehitaji zaidi ya wiki mbili kukuletea harufu hiyo. Iliyoileta ni hewa yenyewe ilivyokuwa ikitembea: joto la makaa lililoinua moshi, feni ya dari, mtu aliyekatiza na kanga yake.

Kosa la kuchanganya mambo haya mawili nimewahi kulifanya kazini. Kikundi kimoja cha wakaushaji maembe kilikuwa na kikaushio chenye trei za wavu, na vipande vilikuwa vikikaa humo karibu siku nzima na usiku wake. Nikashauri wanunue feni kubwa zaidi. Wakanunua. Umeme ukaongezeka, muda haukupungua kwa kiasi cha kuonekana. Mama mmoja aliyekuwa akimenya akaniambia, bila hata kuinua macho, "Mwanangu, makopa manene huvunda kati. Yakate membamba." Nilirudi nyumbani nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kufungua mdomo. Hesabu yenyewe ndiyo hii, hatua kwa hatua. Unahitaji kikokotoo chenye kitufe cha logi, daftari, na uvumilivu kidogo.

Hatua ya 1: Geuza "wingi" kuwa namba

Uhamaji wa maada ni habari ya kitu kimoja kusafiri ndani ya kingine: mvuke ndani ya hewa, sukari ndani ya chai, maji ndani ya nyama ya embe, oksijeni ndani ya bwawa. Kinachosukuma safari ni tofauti ya mkolezo, na mkolezo ni kiasi cha kitu kilichomo katika kila mita moja ya ujazo.

Kwa kitu kilichoyeyuka majini kazi ni nyepesi: gawanya gramu kwa ujazo. Kwa mvuke tunaanzia kwenye kanieneo. Hewa iliyoshiba mvuke kwenye nyuzi 30 za Selsiasi ina kanieneo ya mvuke ya kilopaskali 4.25. Mkolezo wake ni kanieneo hiyo gawanya kwa RT, ambapo R ni namba isiyobadilika ya gesi, 8.314, na T ni joto katika Kelvini, yaani nyuzi 273 ukijumlisha 30:

C = 4250 ÷ (8.314 × 303) = moli 1.69 kwa mita ya ujazo

Moli ni kipimo cha idadi ya molekyuli, na moli moja ya maji ni gramu 18, kwa hiyo hapo kuna gramu 30 hivi za mvuke. Hewa ya pwani yenye unyevu wa asilimia 70 kwenye joto hilohilo ina gramu 21. Imebakiwa na nafasi ya gramu 9 tu kabla ya kushiba, na ndiyo maana nguo ulizofua Dar es Salaam msimu wa mvua hulala kambani hadi kesho yake.

Hatua ya 2: Sheria ya Fick

Mwaka 1855 Adolf Fick, Mjerumani aliyekuwa mtu wa fiziolojia na si mhandisi, aliandika sheria tunayoitumia hadi leo. Thomas Graham wa Scotland alikuwa amekwisha kupima jinsi gesi na chumvi zinavyosambaa, ila hakuzipa kanuni moja. Fick aliona kwamba Fourier alikuwa ameshaitengeneza kanuni ya namna hiyo kwa joto, na Ohm kwa umeme. Akaihamishia kwenye chumvi:

J = D × (C1 − C2) ÷ x

J ni kiasi kinachopita katika kila mita ya mraba kwa kila sekunde. C1 ni mkolezo wa upande wenye wingi, C2 wa upande wenye uchache, x ni umbali kati yao, na D ni kizigeu cha usambaaji. Vitabuni utakuta alama ya kutoa mbele ya D. Kazi yake ni kukumbusha kwamba kitu huteremka mteremko wa mkolezo, hakiupandi. Ukishajua upande gani una wingi, alama hiyo haitakusumbua.

Hatua ya 3: Chagua D iliyo sahihi

Hapa ndipo wanaoanza hujikwaa, kwa sababu D haina ukubwa wa kubahatisha. Inapishana mno kati ya gesi, kimiminika na yabisi. Mvuke wa maji ndani ya hewa una D ya karibu 2.6 × 10⁻⁵ m²/s. Chumvi ya mezani ndani ya maji ina 1.6 × 10⁻⁹, na sukari ya kawaida majini ina 5.2 × 10⁻¹⁰. Tofauti kati ya hewa na maji ni zaidi ya mara elfu kumi. Ndani ya matunda na vyakula vinavyokauka, thamani nyingi huangukia kati ya 10⁻¹¹ na 10⁻⁹.

Joto huongeza D. Kwenye gesi huongezeka takriban kwa kipeo cha 1.75 cha joto la Kelvini, kwa hiyo kutoka nyuzi 30 hadi 60 unapata nyongeza ya asilimia 18 hivi, si zaidi. Kwenye vimiminika na vyakula joto lina nguvu kubwa kuliko hapo. Ukipewa D katika sentimita za mraba kwa sekunde, gawanya kwa 10,000 kabla ya kuendelea. Nimeona mradi mzima wa mwanafunzi ukianguka kwa sababu ya sifuri hizo nne.

Hatua ya 4: Kadiria muda kabla ya jambo lolote

Kama ungetaka kukariri kanuni moja tu, kariri hii:

t ≈ x² ÷ 2D

Umbali umepandishwa kipeo cha pili. Ukiongeza umbali mara mbili, muda huongezeka mara nne. Ukiongeza mara kumi, mara mia.

Turudi kwenye udi. Molekyuli za harufu ni nzito kuliko za maji, tuchukue D ya 6 × 10⁻⁶. Umbali ni mita 4: 16 ÷ 0.000012 ni sekunde milioni 1.33, sawa na siku 15. Hiyo ndiyo ile zaidi ya wiki mbili.

Kikombe cha maji baridi chenye kina cha sentimita 8 na sukari imetulia chini: 0.0064 ÷ (2 × 5.2 × 10⁻¹⁰) ni sekunde milioni 6.2, yaani siku 71. Basi kijiko kinachozungushwa kwa sekunde tano kinafanya kazi ya miezi miwili na zaidi. Kijiko hakibadilishi D hata kidogo. Kinakunja na kukunjua maji mpaka umbali wa kusafiri unabaki sehemu ndogo ya milimita.

Na bwawa la sato lenye kina cha mita moja, maji yakiwa yametulia kabisa? Oksijeni majini ina D ya 2.1 × 10⁻⁹. Jibu ni zaidi ya miaka 7 kufika chini. Samaki wanapona kwa sababu bwawa halitulii: upepo, mwani unaotoa oksijeni mchana, maji ya juu yanayopoa usiku na kuzama. Usiku usio na upepo, mwani nao ukivuta oksijeni badala ya kuitoa, alfajiri unawakuta samaki wamepanda juu wakihema. Mashine ya kurusha maji hewani ni kile kijiko cha chai, kimekuzwa.

Hatua ya 5: Jaribu mwenyewe kwa chupa ya maji

Josef Stefan, mwanafizikia wa Vienna, katika miaka ya 1870 alipima uvukizi wa vimiminika ndani ya mirija membamba. Jaribio lake linafanyika hata mezani kwako. Chukua chupa ndefu ya kioo iliyonyooka, kama ya jaribio la maabara, yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 2. Tia maji mpaka yabaki sentimita 10 kutoka mdomoni. Isimamishe mahali pasipo upepo, mbali na jua, pima uzito wake kila siku kwa saa ileile. Mizani ya jikoni haifai hapa. Tafuta inayosoma sehemu ya mia ya gramu, kama ya sonara.

Kabla hujapima, kokotoa. Maji yana joto la nyuzi 30, hewa ya nje ina unyevu wa asilimia 70. Tofauti ya kanieneo ni 4.25 − 2.97 = kilopaskali 1.28, ambayo ni tofauti ya mkolezo ya moli 0.506 kwa mita ya ujazo. Basi:

J = 2.6 × 10⁻⁵ × 0.506 ÷ 0.1 = 1.32 × 10⁻⁴ mol/m²s

Zidisha kwa gramu 18 na kwa sekunde 86,400 za siku moja, utapata gramu 205 kwa mita ya mraba. Maji yanashuka milimita 0.2 kwa siku. Kwa chupa yetu hiyo ni gramu 0.064 kwa siku, karibu nusu gramu kwa wiki. Weka kando sahani ya maji yaleyale barazani, penye upepo, uone inavyopoteza milimita kadhaa kwa siku. Maji ni yaleyale na hewa ni ileile. Yale ya chupa yana sentimita 10 za hewa tuli juu yake, na hewa hiyo tuli ndiyo ukinzani.

Sasa peleka chupa Dodoma wakati wa kiangazi. Tuseme joto ni lilelile na unyevu asilimia 40. Tofauti ya kanieneo inakuwa kilopaskali 2.55, mara mbili ya ile ya pwani, na maji yatashuka milimita 0.4. Uwiano huo wa moja kwa moja ndio Fick aliouandika.

Stefan aliongeza jambo moja. Mvuke unapopanda, hewa iliyomo ndani ya chupa haina pa kwenda, maana haiwezi kuingia majini kwa wingi. Kwa hiyo mvuke husukuma mchanganyiko wote kwenda juu, na nao wenyewe hubebwa na mkondo huo mdogo. Kwa maji ya nyuzi 30 nyongeza ni asilimia 4 hivi, waweza kuiacha. Kwa maji ya nyuzi 80 na hewa kavu nje, nyongeza inafika asilimia 35, na ukiisahau jibu lako limeharibika.

Hatua ya 6: Hewa inapotembea, tumia k

Nje ya chupa hakuna sentimita 10 za hewa tuli. Hata feni ikivuma, hata hivyo, karibu kabisa na uso wa kitu kunabaki utando mwembamba wa hewa unaosita kutembea. Unene wake hatuujui moja kwa moja, basi tunaufunga pamoja na D kuwa namba moja, kizigeu cha uhamaji wa maada:

J = k × (mkolezo usoni − mkolezo wa hewa)

Kwa kipande bapa kinachopigwa na hewa tulivu isiyo na mavurugu, k hupatikana kwa uwiano unaoitwa namba ya Sherwood, ambao ni k × urefu ÷ D. Sherwood = 0.664 × Re^½ × Sc^⅓. Re ni namba ya Reynolds, yaani kasi ya hewa mara urefu wa kipande, gawanya kwa mnato kinematiki wa hewa, yaani mnato wake gawanya kwa msongamano wake (hapa 1.75 × 10⁻⁵). Sc ni namba ya Schmidt, inayolinganisha mnato huo na D, ambayo kwa mvuke hewani ni 0.6. Kipande cha embe chenye urefu wa sentimita 8, hewa ya mita 1 kwa sekunde: Re ni 4,570, Sherwood ni 38, na k ni mita 0.012 kwa sekunde. Gawanya D kwa k uone unene wa ule utando: milimita 2 na kidogo.

Angalia hiyo nusu juu ya Re. Ukiongeza kasi ya hewa mara mbili, k huongezeka mara 1.4 tu. Wakati huohuo, nguvu inayotakiwa na feni hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi, yaani mara nane. Laiti ningeliona hili kabla ya ile feni.

Hatua ya 7: Linganisha nje na ndani

Sasa maembe yenyewe. Vipande vina unene wa milimita 10 na vinakauka pande zote mbili. Embe bichi lina maji asilimia 83. Tunataka libaki na asilimia 15. Mita moja ya mraba ya trei hubeba kilo 10 hivi, na katika hizo kilo 8 za maji lazima zitoke.

Ukinzani wa nje kwanza. Hewa ya pwani ya nyuzi 30 imepashwa moto hadi 60, mvuke wake umebaki wa kilopaskali 2.97. Uso wa embe lililolowa hauna nyuzi 60. Uvukizi unaupoza kama unavyopoza maji ya mtungini, nao hutulia karibu nyuzi 32, ambapo kanieneo ya mvuke ni 4.76. Tofauti ni 1.79, sawa na moli 0.675 kwa mita ya ujazo. Zidisha kwa k ya 0.012, kwa gramu 18 na kwa sekunde 3,600: karibu kilo 0.52 kwa saa kwa kila upande, kilo 1.05 kwa pande mbili. Kama uso ungebaki umelowa mwanzo hadi mwisho, kilo 8 zingeondoka kwa saa 7 na nusu.

Kisha ukinzani wa ndani. Maji ya katikati lazima yasafiri milimita 5 za nyama ya embe kufika usoni. Chukua D ya 5 × 10⁻¹⁰. Suluhisho la Fick kwa kipande bapa, mwanzo ukishapita, ni:

M = 0.81 × e^(−π²Dt ÷ L²)

M ni sehemu ya unyevu uliobaki na unaoweza kutoka, L ni unene wote wa kipande, na e ni msingi wa logi asilia, 2.718. Pima unyevu kwa kilo za maji kwa kila kilo ya kitu kikavu: asilimia 83 ni 4.88, asilimia 15 ni 0.176, na tuseme hewa hiyo haiwezi kukausha chini ya 0.10. Hivyo M ya mwisho ni 0.076 ÷ 4.78 = 0.016. Ukiitatua, t ni saa 22.

Nje saa 7 na nusu, ndani saa 22. Muda huu haujumlishwi kama bei za sokoni, lakini mkubwa ndiye anayetawala. Feni ya kasi maradufu ingepunguza 7 na nusu kuwa 5 na kidogo, na ile 22 isingeguswa. Ndicho kilichotokea.

Kata milimita 5. Ndani unashuka kwa kipeo cha pili: saa 5 na nusu. Nje unashuka nusu, kwa kuwa maji yamepungua nusu: saa 3.8. Sasa viwili hivi vinakaribiana, na hapo feni huanza kuwa na maana. Ukifika milimita 3, ndani ni saa 2 na nje saa 2.3. Ukinzani umehamia nje. Hapo hewa ndiyo ya kushughulikia, ingawa vipande vyembamba hivyo vinang'ang'ania wavu na kukatika unapovibandua. Kikundi kile kiliishia kukata kati ya milimita 5 na 6.

Usidhani pia kwamba kuongeza moto ni njia ya mkato. Uso ukikauka haraka kuliko ndani kunavyoweza kuuletea maji, hufanya ganda gumu, D ya ganda hilo huanguka, na embe linaonekana limekauka huku kati bado bichi. Baada ya wiki mbili kwenye mfuko, ukungu.

Hatua ya 8: Pima D ya embe lako

Ile D ya 5 × 10⁻¹⁰ ni ya kuanzia tu. Dodo si boribo, na embe lililoiva sana si sawa na lililopea. Chukua vipande vitano vya unene uliopimwa kwa rula ya vernia, viweke kwenye trei moja ndogo, pima uzito kila nusu saa. Mwishoni vikaushe kabisa ovenini upate uzito wa kitu kikavu, ili ugeuze kila kipimo kuwa M.

Acha vipimo vya saa ya kwanza. Hapo uso bado umelowa na kanuni ya ndani haijashika. Baada ya hapo tafuta muda ambao M inachukua kupungua nusu, mathalani kutoka 0.40 hadi 0.20. Kisha:

D = 0.693 × L² ÷ (π² × muda wa nusu)

Kipande cha milimita 5 kikipungua nusu kwa saa moja: 0.693 × 0.000025 ÷ (9.87 × 3,600) = 4.9 × 10⁻¹⁰. Rudia nusu inayofuata, kutoka 0.20 hadi 0.10. Ukipata muda uleule, kanuni inakufaa. Muda ukirefuka, kagua ganda kwanza, kisha joto la trei. Ukifupika, pima unene upya: embe hunywea linapokauka, na L uliyoandika asubuhi siyo L ya jioni.